Blanketi zito la kilo 7: miezi 2 baadaye
Nina ADHD, hali ya ubongo inayofanya kutulia na kumakinika kuwe kugumu, na saa 8 usiku ndipo kichwa changu hufungua duka. Kwa wengi wetu melatonini, homoni ya usingizi, huchelewa kupanda, kwa hiyo kuniambia "lala mapema" ni kama kuniambia nirefuke. Blanketi hili, lililotiwa uzito makusudi ili likandamize mwili, halijaniwahisha kulala. Ila miguu imeacha kupiga godoro mateke, na nikishajifunika siinuki tena kutafuta chaja, maji, sijui daftari. Uzito wenyewe unanikatisha tamaa ya kuinuka. Nilichagua la takriban asilimia 10 ya uzito wangu. Ubaya wake: lina joto, shanga za kioo ndani hukimbilia pembeni, na kulifua ni mieleka. Nyota 3 kati ya 5. Naandika haya saa 9 usiku, nikiwa chini yake.