setx au reg add: ipi ya kubadili PATH?

Skripti ya bechi (faili la amri za Windows) ikivuruga PATH, yaani orodha ya folda ambamo Windows hutafuta programu, mkosaji wa kwanza wa kushuku ni setx. Ni amri rahisi: inaandika kwenye rejista (hifadhidata ya mipangilio ya Windows) na kuziarifu programu, hivyo dirisha jipya la amri huona mabadiliko papo hapo. Lililokwisha kufunguliwa halioni kitu, na hapo wengi hudhani skripti imegoma.

Hatari yake ni kubwa lakini. setx hukata thamani inayozidi herufi 1024. Ukiandika setx PATH "%PATH%;C:\zana", PATH ya mfumo na ya mtumiaji zinaunganishwa, na urefu ukipita kikomo, folda za mwisho zinapotea. Onyo hutolewa, ila dirisha likijifunga lenyewe hulioni. Weka amri ya pause mwishoni mwa skripti ili dirisha lisubiri.

reg add, amri inayoandika moja kwa moja kwenye rejista, haina kikomo hicho. Taja aina ya thamani kuwa REG_EXPAND_SZ, la sivyo %SystemRoot% (folda ya Windows) itabaki maandishi tu badala ya kugeuzwa kuwa njia halisi. Haiarifu programu, hivyo toka kwenye akaunti uingie tena ili mabadiliko yaonekane.

Kwa PATH nachagua reg add, nikitanguliza reg export HKCU\Environment nakala.reg ili kuhifadhi nakala ya mipangilio ya mtumiaji. setx naiachia thamani fupi kama JAVA_HOME, inayoonyesha folda ya Java.