Chardonnay ya Hamilton Russell: mvinyo wa pipa usiotawaliwa na pipa

Zabibu ya Chardonnay haina harufu kubwa ya kwake yenyewe, na ndiyo maana watengenezaji wengi wameizidishia mwaloni, mti ambao mbao zake hutengenezea mapipa ya mvinyo, mpaka mnywaji akabaki kuonja vanila na mbao. Chardonnay ya Hamilton Russell Vineyards, kutoka bonde la Hemel-en-Aarde karibu na mji wa Hermanus nchini Afrika Kusini, nayo huchachushwa ndani ya mapipa ya mwaloni wa Kifaransa, lakini pipa halifuniki zabibu. Sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni baridi ya mahali inapotoka.

Tim Hamilton Russell alinunua shamba hilo mwaka 1975, wakati ambapo utaratibu wa mgao uliosimamiwa na KWV, ushirika wa wakulima wa mizabibu uliodhibiti biashara ya mvinyo nchini humo, ulibana sana maeneo ya kupanda mizabibu, kwa sababu alitaka mahali penye ubaridi kuliko mashamba ya zamani ya Cape. Upepo wa Atlantiki hupanda bondeni kutoka ghuba ya Walker, zabibu huiva polepole kwenye udongo wa mfinyanzi wenye mawe, na uchachu wake, yaani ukali wa asidi, haupotei kabla ya utamu kukamilika.

Uchachu huo ndio unaoweza kuhimili pipa. Tena, kuchachusha ndani ya pipa si sawa na kuchachusha kwenye tangi la chuma kisha kuuhamishia mvinyo kwenye pipa: mvinyo unapochacha ndani ya mbao, hamira hupunguza makali ya mwaloni, na ikishakufa hutua chini kuwa mashapo yanayoupa mvinyo unono kadiri unavyokaa juu yake.

Nimeonja chupa ya 2021, mwaka ambao majira ya Cape yalikuwa ya baridi na mavuno yakachelewa. Rangi yake ni dhahabu hafifu yenye ukijani kidogo. Mwanzoni hutoa harufu ya ganda la limau na ya njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi. Baada ya nusu saa ndani ya glasi huja peasi, kisha lozi mbichi. Mdomoni ni mzito kiasi, lakini haulegei, kwani uchachu wake umenyooka kama uzi uliovutwa hadi kwenye ladha ya mwisho yenye chumvichumvi. Mwaloni nauhisi zaidi katika umbile kuliko katika ladha, na huo ni ustadi ninaouheshimu sana.

Unapatana vizuri mno na kamba wa kuchoma waliopakwa siagi na ndimu, au changu asiye na viungo vingi. Pilipili huuharibu.

Bei yake ni kubwa, na kwa sababu hiyo inaudhi kuona jinsi unavyotunzwa katika baadhi ya maduka yetu ya pwani. Chupa nyingine niliyoinunua katika duka moja, iliyokuwa imesimamishwa chini ya taa kali, ilikuwa imeshageuka rangi na kunuka tufaha lililolala. Heri kununua kwa muuzaji anayehifadhi mvinyo mahali pa baridi, kuulaza miaka michache, na kuutoa kwenye friji robo saa kabla ya kumimina, maana ukiwa baridi kupita kiasi harufu zake zote hujifunga.