Dagaa wazuri, ukurasa mbovu: duka moja la Mwanga, Kigoma

Nianze na bidhaa. Dagaa wa duka hili ni wa kichanja, yaani wameanikwa juu ya uchaga, si chini mchangani, na ni wa kichanja kweli. Ukichota konzi moja ukawasugua kiganjani, huoni hata chembe ya mchanga. Wanavunjika kwa mlio mkavu, bado wana ule weupe wa fedha, wala hawana harufu ya dagaa walionyeshewa kabla hawajakauka. Mwenye duka anawapepeta kwenye ungo mbele yako ndipo anapima, kwa hiyo hununui vumbi. Migebuka wa kukausha ni wazuri, japo wiki nyingine huwa wadogo. Mawese ni mazito, mekundu, hayajachakachuliwa. Kwa bidhaa nampa nyota tano.

Ukurasa wake wa Instagram naupa moja, na hiyo moja ni kwa sababu upo.

Jina la duka silitaji. Mwenyewe ni mtu mzima mwenzangu, tumeshayazungumza kwenye benchi lake, na sina nia ya kumharibia. Ila makosa yake nayaona kwenye kurasa nyingi za biashara za hapa kwetu, kuanzia saluni hadi wauza saruji.

Mimi ni mstaafu wa reli. Nina watoto Dodoma na Arusha, na daima kuna mmoja anayetaka atumiwe dagaa. Nilimwambia yule wa Arusha aagize mwenyewe, nikamtajia duka. Baada ya nusu saa akanipigia: "Baba, hawa si matapeli kweli?"

Akanitumia alichokiona. Kipande cha samaki wa rangi ya chungwa, kimelazwa juu ya barafu pamoja na limao, na maandishi makubwa: SAMAKI FRESHI WA TANGANYIKA. Yule ni samoni, samaki wa nchi za baridi. Nimekaa kandokando ya ziwa hili miaka mingi, sijapata kuona samoni akishushwa kwenye mwalo wetu wa Kibirizi. Tuna migebuka, tuna sangala, tuna kuhe ambaye akiwekwa kwenye sinia anahitaji sinia lake peke yake. Wote hao wanapigika picha, na simu ya binti anayeuza pale dukani inatosha kabisa. Picha ya kuokota mtandaoni inamwambia mteja wa mbali kwamba huna samaki.

Lakini samoni ni kichekesho tu. Kilichowaharibia hasa ni cha Juni 2024. Kwa asiye wa huku: mwaka huo ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano na majirani zetu wa Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Hakuna mtu Kigoma ambaye hakujua. Sasa katikati ya Juni, ukurasa ukatangaza: "Mzigo mpya leo! Wametoka ziwani asubuhi hii!" pamoja na vialama vya moto. Mtu akauliza, "Ziwa gani?" Mwingine, "Mmevulia bafuni?" Wa tatu akasema hawa wapelekwe kwa maofisa uvuvi.

Na dukani hapakuwa na kosa lolote. Magunia yaliyokuwepo yalinunuliwa kabla ya 15 Mei, yakahifadhiwa vizuri, yamekauka. Wangeandika hivyohivyo, kwamba ziwa limefungwa, tulionao ni wa kabla ya kufungwa, wakiisha hadi Agosti, wangeuza kwa foleni. Ukweli ulikuwa tangazo zuri kuliko uongo.

Uongo wenyewe haukuwa wa makusudi. Anayeandika ukurasa ni mpwa wa mwenye duka, anakaa Kimara, Dar es Salaam. Analipwa kidogo kila mwezi ili aposti kila siku, naye anatimiza: anapanga posti za wiki kadhaa kwa mkupuo, zinatoka zenyewe saa ikifika. Programu haijui kama ziwa limefungwa. Na kijana wa Kimara hajui pia.

Hata ziwa likiwa wazi, "dagaa wapya kila siku" hakuna. Wanavuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti kitu, wavuvi wanapumzika, wanatengeneza nyavu, wanasubiri giza. Wanunuzi wazoefu wanajua, kwa hiyo ukiwatangazia mzigo mpya siku ya mbalamwezi umejimaliza mwenyewe. Mimi ningekuwa na ukurasa ule ningefuata giza: siku za mwezi nionyeshe nyavu zinavyoshonwa, giza likiingia nitangaze mzigo. Ningekuwa naposti mara chache, na nikiposti naaminika.

Jingine linaloniudhi ni kwamba sifa kubwa ya duka haimo. Nimeteremka kwenye ukurasa ule hadi kidole kikachoka, natafuta neno "kichanja". Halipo. Kuna Jumatatu njema. Kuna maneno ya matajiri wa Marekani kuhusu kuamka mapema. Kuna heri za kila sikukuu zikiwa na nembo ya duka. Mteja wa Dodoma aliyewahi kutafuna dagaa waliokaushwa chini, mchanga ukamkwaruza meno, ana swali moja tu: wenu mmewaanika wapi? Video ya sekunde kumi na tano, konzi la dagaa likisuguliwa juu ya karatasi nyeupe na karatasi ikibaki safi, ingemjibu bila maneno.

Bei sasa. Dukani imeandikwa kwa chaki kwenye ubao mlangoni, hata mtoto anaisoma. Mtandaoni imegeuka siri: "Bei njoo inboksi." Nimeambiwa sababu ni kwamba bei inapanda na kushuka. Ni kweli, ndiyo maana hata mimi siiandiki hapa. Lakini ubao wa chaki nao unafutwa na kuandikwa upya. Weka bei, weka na tarehe, basi. Mteja anayelazimishwa kuomba bei anahisi atapimwa uso kabla ya kutajiwa.

Nilikwenda huko inboksi. Niliandika: "Habari za leo. Dagaa wa kichanja kilo moja bei gani, na mnatuma Dodoma kwa basi au kwa treni?" Papo hapo likaja jibu la mashine: asante kwa kuwasiliana nasi, tutakujibu punde. Punde yenyewe ilifika kesho yake jioni: "Mambo mpenzi, gusa linki iliyo juu ya ukurasa." Nina wajukuu wanaosoma sekondari, na mpenzi wangu anajulikana, yuko jikoni. Linki nayo haikufunguka.

Kuna suala la mawese, nalo nalitaja kwa urefu kidogo kwa sababu lilikuwa na jibu rahisi kabisa. Julai moja mteja wa Arusha (si mwanangu) aliandika chini ya picha: "Mawese yenu yameganda kama siagi, mmetuchanganyia nini?" Maoni yakafutwa, mteja akazuiwa. Akarudi kwa akaunti nyingine na hasira mara mbili, safari hii akiwa na picha ya dumu. Anayejua mawese angemjibu kwa upole: "Pole kwa usumbufu dada. Mawese safi huganda kwenye baridi, na Arusha Julai ni baridi. Weka dumu juani au kwenye maji ya moto, yatayeyuka." Wangesoma na wengine, wangejifunza, wangenunua. Badala yake kila aliyepita pale alibaki na picha ya dumu na ukimya wa muuzaji.

Kwa haraka tu: kuna picha ya mama mmoja anahesabu noti kaunta, uso wote unaonekana, na sidhani kama aliulizwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023. Hata bila sheria, unamwanikaje mtu na pesa zake? Na malipo: dukani kuna lipa namba inayotoa jina la duka kabla hujathibitisha, ukurasani wameweka namba ya mtu binafsi. Mwanangu alipoona jina la mtu asiyemjua, akaacha.

Hayo yote nilimpelekea mwenyewe pale dukani. Hajawahi kuuona ukurasa wake; anatumia simu ndogo ya kitochi. Alimwita binti yake wa dukani aje na simu, wakatazama pamoja. Alipofika kwenye samoni alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mzee mwenzangu," akaniambia, "mimi nilidhani wateja wa mikoani wamepungua kwa sababu ya nauli za mizigo."

Tangu wiki hiyo binti ndiye anayeposti, kijana wa Kimara amebakiziwa kutengeneza nembo. Samoni ameondolewa. Bei inawekwa na tarehe yake, lipa namba ipo, na nimeona video ya ungo, mkono unatetemeka lakini dagaa wanaonekana. Nyota nimepandisha zikawa tatu. Zingekuwa nne, ila namba ya simu iliyo juu ya ukurasa bado ni ile ya zamani ambayo walishaiacha, ikapewa mtu mwingine. Anayeipokea sasa ni fundi pikipiki wa Kasulu, na amechoka kuulizwa migebuka.