QGIS na QField kwa jumuiya ndogo ya maji: tathmini kutoka miteremko ya Moshi

QGIS ni programu huria ya ramani na taarifa za kijiografia inayopatikana bila malipo, na QField ni mwenzake wa simu ambao fundi hutembea nao anapokagua laini. Nimezitumia zote mbili katika kazi za jumuiya ya watumia maji iliyoko juu ya mji wa Moshi, ambako maji hushuka kwa mserereko kutoka msituni hadi kwenye kaya zilizotawanyika katikati ya migomba na mikahawa. Tathmini hii nawaandikia mafundi, makatibu na wahasibu wa jumuiya kama yetu, ambao hawana bajeti ya kununua mifumo inayotumiwa na mamlaka kubwa za miji. Kwa maoni yangu programu hizi zinafaa, tena zinafaa sana, ila wengi huzisifia uzuri wa ramani, na ramani ndiyo sehemu ndogo kuliko zote katika faida zake.

Kuhusu programu yenyewe nitasema machache. QGIS ilianzishwa mwaka 2002 na Gary Sherman, toleo la 1.0 likatoka mwaka 2009, na familia ya toleo la 3 ikaanza mwaka 2018. Matoleo mapya hutoka mara kadhaa kwa mwaka, lakini kwa kazi ya ofisi namshauri kila mtu achukue lile linaloitwa toleo la muda mrefu, kwa sababu hubadilika kidogo na husahihishwa kwa muda mrefu zaidi. Faili la kusakinishia kwenye Windows linazidi gigabaiti 1, kwa hiyo ni busara kulipakua mara moja mjini penye intaneti nzuri na kulisambaza kwa flashi. Kompyuta mpakato yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 inatosha kabisa kwa mtandao wa mabomba wa kata nzima.

Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 ilipounda RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii vimekuwa na wajibu ulio wazi wa kutunza miundombinu vinavyoiendesha. Hata hivyo, katika jumuiya nyingi rejista ya mali ni kaunta buku moja ofisini, na kilichobaki kimo kichwani mwa fundi mkongwe anayejua valvu ipi imefukiwa chini ya kihamba (shamba la nyumbani la familia) cha nani. Fundi huyo ni hazina, na ni hatari vilevile, kwa maana siku akistaafu au akiugua, jumuiya hupoteza ramani yake yote. Kazi ya kwanza ya QField, kwa jinsi ninavyoiona, ni kumpa fundi mkongwe nafasi ya kutembea na kijana na kuyaacha aliyonayo mahali ambapo wengine watayakuta.

Fomu za QField hutengenezwa kwanza kwenye QGIS, na hapa ndipo ninapoisifu programu hii kwa moyo wote. Majina ya sehemu za kujaza unayaandika mwenyewe, kwa hiyo fundi anaposhika simu hukutana na Kiswahili chake: aina ya valvu, kipenyo, mwaka wa kufungwa, hali, picha. Unaweza kuweka orodha ya kuchagua badala ya kuandika, na unaweza kuizuia fomu isihifadhiwe mpaka sehemu muhimu zijazwe. Faida ya orodha inaonekana wakati wa uchambuzi, kwa sababu neno moja likiandikwa kwa tahajia tatu, kompyuta huhesabu vitu vitatu.

Namsihi anayetengeneza fomu asiweke hali kwa maneno kama nzuri, wastani na mbaya, kwani mafundi wawili waliosimama mbele ya valvu moja watatofautiana. Sisi tuliandika kinachoonekana: inafunga kabisa, inafunga lakini inapitisha, haizunguki, imefukiwa. Maelezo hayo hayahitaji maoni ya mtu, na kila moja lina kazi yake ya matengenezo inayojulikana.

Ningependa pia kila jumuiya ianze na valvu, mabomba yafuate. Bomba liko chini ya ardhi na mengi yanayosemwa kulihusu ni kumbukumbu. Valvu inaonekana, inashikika, na ndiyo inayoamua ukubwa wa kila hitilafu. Bomba likipasuka mahali ambapo valvu ya karibu haifungi, fundi hulazimika kufunga ya juu zaidi, na vitongoji ambavyo havina tatizo lolote hukosa maji mpaka kazi iishe. Kujua ni valvu zipi hazifungi, kabla ya siku ya dharura, ni faida ambayo mwanakijiji huipata bila hata kuiona ramani.

Upungufu wa kwanza unatokana na mazingira yetu. Simu ya kawaida hutaja mahali kwa kosa la mita 5 hivi penye anga wazi, na kosa hilo huongezeka chini ya migomba na miti mirefu ya kivuli iliyojaa katika vihamba vya Uchaga. Kwa valvu iliyofukiwa, mita kumi za kosa ni siku nzima ya kuchimba. Dawa yake ni rahisi: kwenye fomu iongezwe sehemu ya kuandika umbali uliopimwa kwa futikamba kutoka vitu viwili visivyohama, kama kona ya nyumba na nguzo ya lango, pamoja na picha iliyopigwa kutoka mbali kiasi cha kuonyesha eneo.

Upungufu wa pili ni kwamba QGIS inamtaka mtumiaji aelewe mifumo ya majira ya ramani, yaani namba zinazotaja mahali kitu kilipo duniani, na haimsamehe asiyeielewa. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali simu hutumia WGS 84. Ukizichanganya bila kuiambia programu ipi ni ipi, bomba lako litahama kwa mita zinazokaribia 300. Moshi na Arusha mjini ziko katika kanda ya 37 Kusini ya UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda za ramani, lakini mwenye mradi Karatu yuko upande wa pili wa mstari wa nyuzi 36 Mashariki, yaani kanda ya 36. Mambo haya huwekwa mara moja mwanzoni, na ni afadhali yawekwe na mtu aliyesomea upimaji.

Sasa nifike kwenye uchambuzi, ambao kwangu ndio unaostahili jasho lote lililotangulia. Tulitengeneza tabaka la mipasuko (tabaka ni kundi moja la data linalowekwa juu ya ramani), ambapo kila bomba linalotengenezwa huacha nukta yenye tarehe, aina ya bomba, kipenyo na sababu aliyoiona fundi. Katika kamati iliaminika kwamba fedha zote ziende kwenye laini ya zamani ya chuma, kwa kuwa ndiyo kongwe na inatia kutu. Nukta zilipokusanyika, zilijazana kwenye bomba jipya la plastiki, chini ya tanki moja, na karibu zote zilikuwa katika sehemu ya chini ya mteremko. Tulipoweka tabaka la mwinuko, sababu ilijitokeza: kila mita 10 za kimo huongeza msukumo wa baa 1, bomba la daraja la PN 10 limeundwa kustahimili baa 10, na tofauti ya kimo kati ya tanki na mwisho wa laini ile ilizidi mita 100. Usiku, matumizi yanapopungua na maji yakatulia, bomba lilikuwa likibeba mzigo wote.

Hakuna umri wa bomba ungeeleza jambo hilo, na kubadilisha laini ya chuma kusingeligusa. Kinachohitajika mahali kama pale ni tanki dogo la kuvunja msukumo katikati ya mteremko, au valvu ya kupunguza msukumo, na gharama yake hailingani hata kidogo na ya kufukua laini nzima. Zaidi ya hapo, msukumo ukishuka, matundu ambayo hayajaonekana bado nayo huvujisha kidogo. Mhasibu wetu, mama makini asiyependa maneno mengi, alikuwa ameniuliza tangu mwanzo: «Fundi, hiyo ramani itatupunguzia gharama ipi?» Siku hiyo nilimwonyesha kwenye kioo cha kompyuta, na hoja ya tanki ikaingia kwenye bajeti.

Natahadharisha lakini kuhusu data ya mwinuko. Ile ya bure inayotumiwa na wengi ilipimwa kutoka angani mwaka 2000, ina vipande vya mita 30, na penye miti mingi husoma sehemu ya vilele badala ya ardhi. Inatosha kukuonyesha mahali pa kushuku. Kabla ya kununua kifaa chochote, fungeni geji kwenye bomba na msome msukumo wenyewe, hasa kati ya saa 8 na saa 10 usiku. Mkumbuke tu kwamba kaya zenye simtanki hujaza saa hizo hizo, kwa hiyo mtiririko wa usiku si uvujaji mtupu.

QGIS haipangi kazi. Haitamkumbusha mtu kwamba valvu fulani haijazungushwa tangu mwaka jana, wala haitoi hati ya kazi kwa fundi. Kwa hilo tunatumia jedwali la kawaida, ambamo kila kifaa kina alama mbili: uwezekano wa kuharibika, na ukubwa wa madhara kikiharibika. Valvu inayolisha zahanati na shule hutangulia ile ya kaya tatu, hata kama ya pili imechakaa zaidi. Kusafisha banio (mahali maji yanapochukuliwa kwenye chanzo) na machujio huwekwa kabla ya mvua za masika za Machi na tena kabla ya vuli, kwa sababu tope la siku moja laweza kuziba kazi ya mwezi. Anayehitaji kukokotoa mtiririko ndani ya mtandao atahitaji EPANET, programu nyingine ya bure kutoka Marekani, ambayo hupokea data ile ile ikishageuzwa kuwa faili la aina yake.

Ndugu zetu walio chini ya Mlima Meru wana jambo ambalo sisi hatuna kwa kiwango chao, yaani floraidi, madini ya majini yanayodhuru meno na mifupa yakizidi. Ningewashauri waongeze jedwali la vipimo kwa kila chanzo, kikilinganishwa na kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na palipo na vichujio vya mkaa wa mifupa, tarehe ya kubadilisha mkaa iwe sehemu ya lazima kwenye fomu, maana kichujio kilichochoka huendelea kutoa maji yanayoonekana safi.

Kuhusu usalama wa data, tabaka zote hukaa katika faili moja la aina ya GeoPackage, ambalo hunakiliwa kirahisi na huweza kuharibika watu wawili wakilihariri kwa pamoja kupitia mtandao wa ofisi. Mtu mmoja awe mlinzi wa faili, naye apokee kazi za simu kila Ijumaa na kuweka nakala mahali pengine. Huduma ya QFieldCloud hurahisisha upokeaji huo na ina kiwango cha bure chenye nafasi ndogo, ila picha huijaza haraka. Gharama halisi ya kazi yote hii ni simu imara, betri ya akiba, na siku za fundi, ambazo kamati inapaswa kuzilipa kama inavyolipa siku za kuchimba mtaro.