Uzoefu wangu wa kuitengeneza Corolla 110 nyumbani, na vifaa vilivyostahili pesa yake

Gari ninalolizungumzia ni Toyota Corolla AE110, ambalo hapa Dar es Salaam kila mtu huliita Corolla 110, lenye injini ya 5A-FE ya sentimita za ujazo 1498 na gia za kubadilisha kwa mkono. Nililinunua likiwa limekwisha kupita kwa wamiliki kadhaa, na tangu hapo nimekuwa nikilitengeneza mwenyewe uani, nikimwita fundi pale tu kazi inapozidi vifaa nilivyo navyo. Tathmini hii inamhusu mtu anayefikiria kununua gari la umri huo na kulihudumia kwa mikono yake: gari lenyewe linatengenezeka kiasi gani nyumbani, vifaa vipi vilinifaa, na yapi kati ya maboresho yanayouzwa madukani yalikuwa na maana.

Hukumu yangu naitanguliza. Sehemu kubwa ya kazi niliyoiita kuboresha ilikuwa kurudisha vitu ambavyo kiwanda kilikwisha kuviweka, kisha mafundi waliotangulia wakaving'oa au wakavikwepa ili gari litoke gereji siku hiyo hiyo. Kuchakaa hasa nilikukuta mahali pachache kuliko nilivyotarajia.

Malalamiko ya gari yalikuwa matatu. Asubuhi lilikuwa gumu kuwaka, lilikuwa likinywa petroli kupita kiasi kwa injini ndogo namna ile, na mshale wa joto ulikuwa haufiki katikati hata baada ya safari ndefu ya Barabara ya Bagamoyo, ilhali feni ya rejeta ilikuwa ikizunguka muda wote swichi inapofunguliwa. Nilianza kwa kununua kile kisomeo kidogo cha hitilafu kinachochomekwa kwenye soketi ya OBD2, yaani mfumo wa pamoja wa kusoma hitilafu za gari, na kuwasiliana na simu kwa Bluetooth. Hakikunisaidia chochote, na sikilaumu, kwa sababu kilitengenezwa kwa ajili ya magari mengine. Marekani ililazimisha mfumo wa OBD2 kwa magari ya abiria kuanzia modeli za mwaka 1996, lakini magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani katika miaka hiyo hayakubanwa na sharti hilo, na mengi ya yale tunayoyapokea huku yanazungumza lugha yao wenyewe. Mwenye gari la Japani la miaka ya 1990 asinunue kisomeo hicho kabla ya kukijaribu kwenye gari lake mbele ya muuzaji.

Kumbe gari lenyewe lina kisomeo chake. Chini ya boneti kipo kiboksi cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS, na ndani yake matundu yamepewa majina. Ukiunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, kisha ukafungua swichi bila kuwasha injini, taa ya injini kwenye dashibodi huanza kumweta. Ikimweta haraka kwa mfululizo ulio sawa, kompyuta haina lalamiko; ikimweta mara mbili, ikapumzika, ikamweta tena mara moja, hiyo ni 21, yaani sensa ya oksijeni kwenye eksozi. Namba 31 kwa injini hii ni sensa ya mgandamizo wa hewa inayoingia, na 41 ni sensa ya mkao wa throtoli, yaani kilango cha hewa kinachofunguliwa na pedeli ya mafuta. Kuzifuta namba baada ya matengenezo ni kuchomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kunyunyizia petroli) kwa muda usiopungua sekunde kumi na kuirudisha. Sijui huduma nyingine ya kupima gari kwa kompyuta iliyo rahisi kuliko hii, na bado wapo wanaolipa kila taa inapowaka.

Gari langu lilitoa 22, sensa ya joto la maji. Nilipoifuata sensa hiyo nikakuta waya wake mmoja umekatika karibu kabisa na kiunganishi. Kompyuta ikikosa taarifa ya sensa hiyo haizimi injini. Hujifanya kuwa maji yana nyuzi 80 na kupima petroli kwa dhana hiyo. Injini iliyolala usiku kucha huhitaji mchanganyiko wenye petroli nyingi zaidi ili iwake, na yangu ilikuwa ikinyimwa, ndiyo maana ya mahangaiko ya asubuhi. Niliunga waya kwa kuuchomelea risasi na kuufunika vizuri, lakini kabla ya kuirudisha sensa niliipima kwenye sufuria ya maji jikoni nikiwa na multimita, yaani kipimio cha umeme, na kipimajoto. Iliyo nzima husoma kilo-omu 2 hadi 3 maji yakiwa na nyuzi 20, na hushuka hadi kati ya omu 200 na 400 maji yakifika nyuzi 80. Ya kwangu ilikuwa nzima, kwa hiyo pesa ya sensa mpya ikabaki mfukoni.

Baada ya hapo asubuhi gari liliwaka vizuri, ila petroli iliendelea kuisha na mshale haukupanda. Nikafungua nyumba ya themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate joto, na kama nilivyoshuku, ilikuwa tupu.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu jambo hili limetapakaa mjini. Fundi wa mtaani kwetu, ambaye namheshimu na ambaye bado namtumia, aliniambia waziwazi: “Bosi, hii nchi ya joto, themostati ya kazi gani?” Hoja yake si ya kupuuzwa. Themostati ikikwama ikiwa imefungwa, maji hayafiki kwenye rejeta, injini inachemka, na hedi gasketi, ile inayoziba kati ya bloku na hedi ya injini, inaondoka nayo. Na za bandia zilizojaa madukani hukwama kweli. Lakini themostati haiwekwi kwa ajili ya nchi za baridi peke yake. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kufanyia kazi upesi na kuibakiza hapo, na ile ya injini hii huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Ikiondolewa, maji huzunguka kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, injini inachelewa kupata joto, na kompyuta, ambayo sasa inaisoma sensa yake vizuri, inaendelea kumimina petroli ya ziada kama kwamba ni alfajiri. Sufuria ile ile ilitumika tena: niliitumbukiza themostati mpya ndani ya maji na kuiangalia ikifunguka polepole kadiri kipimajoto kilivyopanda. Hicho ndicho kipimo ninachokishauri kwa yeyote anayeogopa ya bandia, kwa kuwa hakihitaji ujuzi wala gharama.

Feni nayo ilikuwa imeungwa dairekti, yaani moja kwa moja kwenye umeme bila kupitia swichi yake ya joto. Katika gari hili swichi ya joto iliyo kwenye mfumo wa maji hukaa imeunganisha umeme injini ikiwa ya baridi na huachia maji yakifika karibu nyuzi 93, ndipo rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, inapoiwasha feni. Kwa mpangilio huo, ukichomoa kiunganishi cha swichi feni inapaswa kuzunguka, na ndivyo nilivyothibitisha kuwa rilei na mota vilikuwa hai; kilichokufa ni swichi peke yake, kitu kidogo kuliko kidole gumba. Niliiweka mpya na kuutoa waya wa dairekti. Nilibadilisha pia kifuniko cha rejeta kwa kingine chenye mgandamizo ule ule wa 0.9, maana mpira wa kile cha zamani ulikuwa umeganda, na nikaondoa maji ya kahawia yaliyokuwamo. Nyumba nyingi za Dar zinategemea visima, na maji ya visima vingi yana chumvi. Kuyatia kwenye rejeta mwaka baada ya mwaka ni kualika kutu. Sasa natumia kulanti, ile dawa ya rejeta, iliyochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi, nusu kwa nusu.

Tokeo lake ni kwamba mshale unapanda hadi karibu na katikati na kutulia, feni inasikika kwa vipindi tu, hasa kwenye foleni, na safari zangu za kituo cha mafuta zimepungua kwa kiasi ambacho hata mke wangu, asiyejali habari za magari, aliulizia.

Kuhusu vifaa vyenyewe, multimita ya bei ya chini ndiyo iliyonilipa zaidi, na sioni sababu ya mtu wa nyumbani kununua ya gharama. Seti ya soketi inatakiwa iwe na ukubwa wa 10, 12, 14 na 17, ambazo zinafungua karibu kila kitu kwenye Toyota hii, pamoja na 21 kwa nati za magurudumu. Spana ya tork nilidhani ni anasa, nikaja kuibadilisha fikra hiyo nilipopima nati za magurudumu zilizokazwa na watu wa matairi: zinatakiwa zikazwe kwa Nm 103 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), na hakuna hata moja iliyokuwa karibu na kiwango hicho, nyingine zikiwa zimekazwa hadi uzi wa bolti kuharibika. Plagi zinataka Nm 18 tu kwenye hedi ya aluminiamu, nguvu ambayo mkono uliozoea kukaza huipita bila kujua. Kwa upande wa jeki, stendi mbili za chuma ni za lazima, na kama uani kuna mchanga kama kwangu, ziwekewe ubao mnene chini. Wanaolala chini ya gari lililoegeshwa juu ya rimu na mawe sina la kuwaambia zaidi ya kwamba wanunue stendi leo.

Spea zilinichosha kuliko spana. Kariakoo na Ilala unapata kila kitu, lakini ukiuliza “ya Corolla 110” utapewa chochote kinachofanana nayo. Nilianza kupata spea sahihi nilipokwenda na namba ya chasisi iliyo kwenye bamba chini ya boneti, muuzaji akaitafuta namba ya spea kwa hiyo badala ya kwa jina la gari. Kwa vitu vya umeme napendelea mtumba halisi wa Japani kuliko kipya kisichojulikana kilikotoka. Kwa breki, mpira na mikanda sinunui mtumba hata kidogo, kwa kuwa mpira huzeeka ukiwa rafuni.

Sasa maboresho. Balbu za LED za kuchomeka badala ya halojeni za H4 nilizijaribu na kuzirudisha. Kioo cha nyuma ya taa kimechongwa kulingana na mahali uzi wa halojeni unapokaa, na LED nilizopewa hazikukaa mahali hapo. Matokeo yake mwanga ulitapakaa, barabara ya mbali ikabaki giza, na madereva wa upande wa pili wakanimulika kwa hasira. Kilichosaidia ni kusafisha viungo vya waya na kuweka waya zenye rilei zinazochukua umeme moja kwa moja kwenye betri, balbu zikibaki zile zile za wati 60 na 55. Mnunuzi azingatie kuwa Toyota nyingi za zama hizo huwasha taa kwa kuunga na kukata upande wa hasi, hivyo seti ya rilei ya kawaida inayotegemea swichi ya upande wa chanya haitafanya kazi ipasavyo. Muuzaji wangu hakuijua tofauti hiyo, na nilibadilishiwa baada ya mabishano marefu.

Redio, kwa upande mwingine, ni boresho ambalo sina kinyongo nalo. Redio iliyokuja na gari inasikiliza FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, masafa ya Japani, wakati stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108, kwa hiyo karibu zote zilikuwa nje ya uwezo wake. Vipo vile vifaa vinavyoshusha masafa ili redio ya zamani izipate, ila sauti yake ina mikwaruzo na namba inayoonekana si ya stesheni. Nilinunua redio mpya ya kimo cha DIN mbili, yaani kimo cha redio mbili za kawaida zikipangwa juu na chini, pamoja na plagi ya kubadilishia ya Toyota, ile yenye kiunganishi cha pini 10 na cha pini 6, hivyo sikukata waya wowote wa gari. Pembeni pakabaki nafasi, kwa kuwa tundu la Toyota lina upana wa milimita 200 na redio ya kawaida haifiki hapo, lakini fremu za kuziba zinauzwa.

Kazi za chini ya gari nimezigawa. Bushi, stabilaiza linki na breki pedi nafanya mwenyewe. Shokapu za mbele namwachia fundi, kwa sababu springi yake iliyobanwa ikichomoka inaweza kuua, na kifaa cha kuibania nilichokiona dukani hakikunipa imani. Baada ya hapo gari huenda kwenye wili alaimenti, yaani kunyoosha mkao wa magurudumu, ambayo haifanyiki uani.

Kinachofuata ni taimingi belti, mkanda unaounganisha mzunguko wa krenki na wa kamshafti inayofungua vali. Kwenye nyumba ya injini kuna stika ya Kijapani inayoonyesha belti iliwahi kubadilishwa na kilomita za wakati huo, lakini siiamini dashibodi ya gari lililopita mikono mingi, na Toyota inashauri kuibadilisha kila kilomita 100,000. Bahati ya 5A-FE ni kwamba belti ikikatika vali hazigongani na pistoni, kwa hiyo itaniacha barabarani bila kuiua injini. Nimekwisha nunua belti, rola yake na oili sili za kamshafti na krenki, maana haina haja kufungua upande huo na kuacha sili kuukuu ndani. Nangoja tu kuazima kifaa cha kuishikilia puli ya krenki.