TAHADHARI: Wanauza "jino la kupandikiza" ambalo halina skrubu ndani ya taya

Ndugu zangu, yeyote mwenye pengo mdomoni anayefikiria kuweka kipandikizi, au mwenye mzazi anayetaka kuwekewa, naomba asome hili kabla hajatoa hela.

Mama yangu aling'olewa gego la chini zamani, akawa anatafunia upande mmoja tu. Mwaka huu sisi watoto wake tukachanga ili apandikizwe jino. Kliniki tuliyoiendea siitaji, malalamiko yetu bado hayajaamuliwa. Walituahidi kazi itaisha ndani ya wiki moja, nasi tukafurahi. Hapo ndipo tulipoingizwa mjini.

Siku ya kwanza walimchoma sindano ya ganzi, wakachonga, wakamng'atisha ule udongo laini wa kuchukulia alama ya meno. Siku ya pili wakabandika. Hakukatwa fizi, hakushonwa, hakuvimba hata kidogo. Tukasema daktari huyu ni fundi kweli.

Miezi michache baadaye jino la jirani likaanza kumuuma usiku, maji ya baridi hayagusi. Nikampeleka kwa daktari mwingine. Kabla hata ya eksirei, huyu alichukua uzi wa meno akajaribu kuupitisha kati ya jino jipya na lile la nyuma yake. Ukagoma. Akajaribu upande wa mbele, ukagoma pia. Akapiga picha, akatugeuzia skrini na kutuonyesha kwa ncha ya kalamu: chini ya jino "lililopandikizwa" palikuwa na mfupa mtupu. Meno mawili ya pembeni, yaliyokuwa mazima kabisa, yalikuwa yamechongwa yakabaki visiki, na juu yake zimevishwa kofia tatu zilizoshikana.

Mama akauliza, "Sasa daktari, hiyo skrubu iko wapi?"

"Haipo, mama. Haikuwekwa. Hili ni daraja."

Nisieleweke vibaya. Daraja ni tiba halali, na wapo wanaolihitaji. Kosa ni kumchonga mtu meno mazima bila kumwambia, kisha kumtoza bei ya kipandikizi. Gamba la jino likishachongwa halioti tena maishani, na kiini cha jino kikichokozwa sana kinaweza kufa. Ndilo lililompata mama.

Kipandikizi cha kweli ni skrubu ndogo, mara nyingi ya titani, inayokaa ndani ya mfupa wa taya mahali pa mzizi. Juu yake hufungwa kiunganishi, kisha kofia ya jino. Nguvu yake yote inatokana na mfupa kushikana na ile titani. Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi aligundua jambo hilo mwaka 1952 akiwa anafanya utafiti kwa sungura: kifaa cha titani alichokiweka kwenye mfupa kilikataa kutoka. Mtu wa kwanza aliwekewa meno kwa njia hiyo mwaka 1965. Mfupa hauna haraka, kwa kawaida huchukua miezi 3 hadi 6 kushika. Wapo wanaopewa jino la muda siku hiyohiyo kwa sababu skrubu imekaza vizuri tangu mwanzo, lakini hata hao skrubu wanayo, na jino la kudumu huja baadaye.

Tuliporudi kule kudai, tuliambiwa vipandikizi vya kisasa "havionekani kwenye eksirei". Huo ni uongo mtupu, na nimesikia si sisi peke yetu tulioambiwa. Titani ni metali, inaonekana nyeupe kabisa kwenye picha, na nyuzi zake za skrubu unaweza kuzihesabu. Hata zile nyeupe za zirkonia zinaonekana.

Kwa hiyo dai picha mbili, ya kabla na ya baada. Ya kabla si hiari ya mtu: taya la chini lina mshipa wa fahamu unaopita ndani ya mfupa, ukiguswa mdomo na kidevu vinaweza kubaki na ganzi, juu kuna uwazi wa pua, skrubu inaweza kutokeza humo. Tena pengo likikaa miaka mingi mfupa wake hupungua, kwa hiyo anayekuambia "panatosha" kwa kutazama kwa macho tu, muage. Vilevile daktari ambaye hakuulizi kama una kisukari, unavuta sigara, au unatumia dawa za mifupa, hajajiandaa kukutoboa taya.

Dai pia kadi yenye stika ya skrubu uliyowekewa: kampuni, ukubwa, namba ya toleo. Vipuri vya kampuni moja mara nyingi haviingiliani na vya nyingine, na siku kiunganishi kikilegea, daktari yeyote atakayekusaidia atahitaji kujua afungue kwa bisibisi gani. Sisi tulipewa risiti iliyoandikwa neno moja tu, "jino".

Kama umeshawekewa na una wasiwasi, jaribu uzi wa meno leo usiku. Usipopita, usihukumu papo hapo, kwa sababu meno yaliyobebwa na vipandikizi nayo wakati mwingine huunganishwa. Nenda kapige eksirei kwa mtu ambaye hakuhusika na kazi ile, na nakala uondoke nayo. Ya mama ndiyo tuliyoambatanisha kwenye malalamiko yetu kwa wanaosimamia leseni za madaktari, pamoja na ile risiti.

Wiki ijayo anaanza kutibiwa mzizi wa jino lililochongwa. Hadi sasa bado anatafunia upande uleule mmoja.