Tupilaki na deraya za mfupa, Kisumu: kinyago chukua, deraya ngoja

Karakana moja ya Kisumu inayochonga mifupa ya ng'ombe imeanza kuuza vitu viwili vya mtindo wa Wainuit, wenyeji wa nchi za barafu za kaskazini: tupilaki, kile kinyago cha Greenland chenye meno nje na mbavu za kuhesabika, kwa shilingi 1,800, na deraya, yaani vazi la vita, ya vibamba vya mfupa kwa 14,000, ambayo vikundi vya maigizo ndivyo huiulizia.

Kinyago kinastahili bei yake. Greenland huchongwa kwa jino la nyangumi au pembe ya reindia. Hapa ni muundi wa ng'ombe. Muundi una ukuta mnene lakini katikati ni tundu la uboho, na fundi amelifanya tundu hilo kuwa mdomo ulioachama. Kazi safi. Mwenye kutaka kinyago kikubwa aende Tabaka, Kisii, kwa wachongaji wa jiwe la sabuni. Jiwe hilo halina tundu, na Wainuit nao hulichonga.

Kigeuze kabla ya kulipa. Mfupa halisi una vitone na vistari vidogo vilivyokolea, njia za damu. Plastiki ya kumimina haina. Doa la njano linaloteleza kidoleni ni mafuta: mfupa haukukatwa ncha zote mbili na kusukumwa uboho kabla ya kuchemshwa kwa moto mdogo na sabuni ya unga. Kukwangua kwa kucha kukitoa unga, basi kimelowekwa kwenye jiki badala ya peroksaidi. Kirudishe, kitazidi kumomonyoka.

Deraya ndiyo yenye matatizo. Pande za Mlango-bahari wa Bering, vibamba vya mfupa na vya pembe za walrasi, yale meno marefu ya mnyama huyo wa baharini, vilitobolewa, vikapandanishwa na kufungwa kwa kanda za ngozi. Hii imevipanga ukingo kwa ukingo, kwa hiyo mvaaji akiinama tu, shati linachungulia. Uzi ni wa pamba, matundu hayakupigwa msasa, na kingo zake zinaukata kama wembe. Tena ni uzi mmoja safu nzima: ukikatika mahali pamoja, vibamba vyote vya safu hiyo vinaning'inia.

Agiza upya: matundu yalainishwe, gidamu za ngozi ya mbuzi, kila kibamba kimpande jirani yake hadi kufunika tundu, fundo kila baada ya vibamba vitatu. Fundi hukubali kwa nyongeza ya 3,000, ingawa kwa 14,000 hayo yalipaswa kuwamo tayari.